Joka Limelala: Miaka Arobaini na Mitatu ya Mzee Onodera

Hakuna masikio katika mji mzima wa Hamamatsu yanayoyafikia haya yangu. Nasikia siafu akikohoa ghorofa ya tatu. Popo wakipotea njia huja kuniuliza mimi. Maneno haya nimeyasema hapa karakanani mpaka kila mtu ameyachoka, na nayaandika tena hapa juu kwa sababu yana kazi yake mbele. Sasa twende kwa mwenye siku.

Tarehe 31 Machi, Mzee Onodera Shigeki anastaafu baada ya kuitumikia Karakana ya Sugiura kwa miaka arobaini na mitatu. Aliingia Aprili 1981, akiwa na miaka ishirini na miwili na nywele nyingi kichwani (picha ipo, Bi Maruyama anayelipanga gazeti letu hili la karakana anayo ofisini, mkaiombe mcheke). Tangu siku hiyo ametengeneza vyumba mia moja themanini na saba vya kusikilizia muziki, vyote katika nyumba za watu. Siku hiyohiyo anayostaafu, idara yetu ya vyumba inafungwa. Ilikuwa na watu wawili, yeye na mimi. Mimi nahamishiwa kwenye makabati ya jikoni.

Mkurugenzi Sugiura alitafuta mtu wa kuandika wasifu huu akamkosa. Wakubwa wote walikuwa na shughuli. Nikabaki mimi, Hayasaka Daigo, niliyeiacha shule kabla haijaniacha yenyewe. "Andika vizuri, na usiandike upuuzi," akaniambia. Nitajitahidi kwa hilo la kwanza.

Kwa ndugu zetu wa upande wa samani, mliodhani miaka yote kwamba sisi tunabandika sponji ukutani: chumba ni nusu ya muziki. Mtu ananunua spika kubwa kama kabati la nguo, anaziweka kwenye chumba kitupu chenye kuta ngumu zinazotazamana, halafu anashangaa piano inalia kama masufuria. Sauti nzito zinajazana pembeni kama wageni wasiomjua mtu harusini. Sauti nyembamba zinarushwa kutoka ukuta huu hadi ule, zinarudi, zinaenda tena, mpaka zinatoa mlio kama waya unaotetemeka. Mlio huo ndio sisi tunauita joka. Kuna hekalu lenye joka lililochorwa darini, na ukisimama chini ya kichwa chake ukapiga makofi, joka linalia. Hekaluni watu hufurahi. Kwenye chumba cha muziki ni balaa.

Mzee Onodera alikuwa anasimama katikati ya chumba, miguu imepanuka kidogo, anapiga makofi mawili kama mtu anayeomba hekaluni. Makofi yake yalikuwa makavu, yana makali, kama mwanzi unaopasuka kwa baridi. Vijana wa vipimo walinunua mashine yenye vipaza sauti sita. Mashine ikapima nusu siku, ikatoa karatasi ndefu, na jibu likawa lilelile alilolisema Mzee asubuhi kabla hajavua koti.

Hakuzaliwa anajua. Chumba chake cha kwanza alikijaza sufi ya kioo kuta zote na dari, ile sufi inayowasha mwili mpaka uichukie dunia. Mke wa mwenye nyumba akaingia, akasema neno, akatoka mbio analia kwamba amekuwa kiziwi. Sauti yake mwenyewe ilikuwa imemezwa mdomoni. Mzee, wakati huo kijana kama mimi lakini hana sura kama yangu, alibandua kila kitu kwa mikono yake siku nne. Tangu hapo akawa na neno moja: "Chumba si jeneza. Mwachie mtu kidogo cha kupumua."

Vifaa vyake vilikuwa vya kawaida. Vipande vya mwerezi vya unene tofauti, kitambaa cha kitani, lipu ya udongo. Kabati la magodoro ya kukunja, ambalo kila nyumba ya zamani inalo, kwake lilikuwa mtego wa sauti nzito: jaza magodoro, acha mlango wazi kiasi cha ngumi moja. Yake, si yako. Daktari mmoja wa Iwata alikuwa na ukuta mzima wa vitabu, amevipanga kwa majina ya waandishi. Mzee akavipanga upya kwa unene, kimoja ndani, kimoja nje. Daktari akapandisha sauti: "Sasa nitakipataje kitabu changu?" Mzee akamwambia, "Hutakipata, Daktari. Lakini keti kwanza." Daktari akaketi, santuri ikazunguka, na vitabu vile havikuguswa tena mpaka mwenyewe alipofariki.

Mimi nilipoanza, wiki ya kwanza tu, nikamfundisha kazi. Nikamwambia dunia imeendelea, siku hizi watu wanatumia trei za mayai, na chumba changu nimekibandika trei mia mbili. Hakubisha. Jumapili akaja mwenyewe nyumbani, mama akamtilia chai, akapanda juu, akapiga makofi mawili. Akainamisha kichwa.

"Hayasaka."

"Naam, Mzee."

"Umewajengea kuku nyumba nzuri sana. Wakifika, waombe wanyamaze, maana mtaa mzima utawasikia."

Ningependa kuishia kwenye vichekesho hivi, tule samaki mkunga wa kuchoma siku ya tarehe 31, tupige picha. Lakini mkurugenzi ametangaza kwamba Mzee amekataa kuja. Hataki chakula, hataki maua, hataki ile saa ya mezani ya zawadi. Mnaulizana koridoni ana nini. Ninajua ana nini, kwa hiyo nitaendelea.

Jambo la kwanza ni kwamba vyumba vyake vinakufa. Mwenye chumba akifa, warithi wanaita tingatinga, nyumba inalala chini, panakuwa maegesho ya magari. Mzee alikuwa na daftari la vyumba vyote, na kila kinapobomolewa alikipigia mstari. Katika mia moja themanini na saba, visivyo na mstari ni thelathini na tisa. Zile mbao za mwerezi zilizojaa ghala la nyuma, mnazolalamika zinawazibia njia, ni yeye aliyekuwa anazifuata kwenye vifusi, anang'oa misumari, anazifuta vumbi. Nilimuuliza za nini. "Sijui," akasema. Hakuna anayeagiza vyumba tena. Watu wanasikiliza muziki kwa vidude vya masikioni wakiwa wanakatiza barabara.

Jambo la pili aliniomba nisilitaje. Nalitaja. Miaka miwili na nusu iliyopita tulikuwa garini nje ya duka la tambi, mvua inanyesha. Akaniambia kwamba vuli ile alidhani nyenje hawakuja. Akamwambia mkewe, mwaka huu bustani imenyamaza. Bi Kazue akamtazama tu, akamwambia, "Mbona wanapiga kelele hata siwezi kulala?" Akaenda kupimwa. Sauti zote nyembamba zilikuwa zimemtoka, na hazirudi. Yaani joka lenyewe.

"Mikono bado ninayo," akasema. "Makofi yangu bado yanaweza kuliamsha. Ila sitalisikia likiamka. Wewe una masikio?"

"Mimi? Mzee, mimi nasikia mchwa akitafuna nyumba ya jirani."

Akacheka. Nilikuwa sijamwona akicheka hivyo. "Haya. Mimi mikono, wewe masikio. Tukifika vyumba mia moja na tisini, tunafunga."

Tukafanya kazi hivyo. Anapiga makofi mawili, ananitazama, namwambia "Joka limelala, Mzee," au "Liko macho, ukuta wa kushoto." Tulikamilisha vyumba kumi na kimoja. Wateja wote walikuwa watu wazima wenye miaka sabini na kupanda juu, na hakuna aliyelalamika.

Kisha akaja Bi Terauchi. Alifundisha piano shule ya msingi miaka thelathini na minane, na wanafunzi wake wanasema alikuwa anasikia nani hajakata kucha. Alimsubiri Mzee miaka mitatu. Alisema hataki mtu mwingine, na hataki mashine nyumbani kwake. Tukamaliza Novemba. Siku ya kumkabidhi, mkurugenzi alikuwapo, zililetwa keki za mchele, Bi Terauchi amevaa kimono ya rangi ya majivu kwa heshima ya chumba. Mzee akasimama katikati, akapiga makofi mawili. Akanitazama. Nikasema, "Joka limelala."

Bi Terauchi akaweka kikombe chini, akaenda pale alipokuwa amesimama Mzee, akapiga makofi yake, mara moja. Akasubiri. Akapiga tena.

"Mzee Onodera," akasema, "joka liko macho kabisa. Aliyelala ni wewe."

Mkurugenzi akajichekesha kidogo. Bi Terauchi hakucheka. "Nani amekipitisha chumba hiki?"

"Mimi," akasema Mzee. "Mimi peke yangu," akasema, nami nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, keki mkononi. Akainama mpaka chini, akakaa vile muda mrefu, mpaka Bi Terauchi mwenyewe akageuka pembeni.

Njiani kurudi tukavuka daraja. Nilijua atanigeukia. Nilikuwa nimeshaandaa maneno. Lakini alikuwa ameweka mikono yake juu ya magoti, anaitazama kama vitu vya mtu mwingine.

"Masikio yako ni mazima," akaniambia. "Kama hukulisikia, basi halikuamka. Makofi ya yule mama yameliamsha, yangu hayakuliamsha. Basi ni mikono. Na mikono nayo imekwisha."

Nikageukia dirishani. Kesho yake akaleta barua ya kustaafu, miezi minne kabla ya tarehe. Daftari akaliacha mezani kwangu.

Baadaye karakana ilipeleka watu na mashine kwa Bi Terauchi. Wakabandika sponji kila mahali. Joka limekufa kweli, na chumba kimekufa nalo. Nilipita mwezi uliopita kuomba radhi. Bi Terauchi sasa anaanika nguo mle ndani. "Ni pakavu," akaniambia, akafunga mlango. Nikaenda na kwa Mzee. Hakutoka. Bi Kazue alinisimamisha getini akanieleza kwamba Mwaka Mpya walipokwenda kuomba hekaluni, Mzee aliinama mara mbili kama watu wote, halafu mikono akaiacha ndani ya koti. Watu nyuma wanasubiri foleni. Hakupiga yale makofi mawili ya maombi. Akainama tena, akaondoka. Santuri zake zote amezifunga kwenye makasha, na kabati la magodoro amelifunga kabisa, ile nafasi ya ngumi haipo.

Kwa hiyo, kwa niaba ya Karakana ya Sugiura, tunamshukuru Mzee Onodera kwa miaka arobaini na mitatu. Wote kumi na wanne tunamwombea afya, miguu yenye nguvu, na miaka mingi ya kukaa na Bi Kazue bila kuamshwa na simu zetu. Hapo ndipo mkurugenzi aliniambia niishie. Bi Maruyama, tafadhali usikate yanayofuata.

Mzee, gazeti hili najua unaletewa nyumbani na najua unalisoma, hata ukisema hulisomi.

Mikono yako haina kosa. Kila mwezi wa Mei mtaa wetu unapiga tarumbeta kwenye sikukuu ya kurusha tiara, na mimi nilianza kupiga nikiwa na miaka kumi, nasimama mstari wa katikati, tarumbeta ya mwenzangu nyuma ya sikio. Nilipofika kumi na tano masikio yakaanza kulia, na hayajanyamaza hata dakika moja tangu hapo. Yanalia sasa hivi ninavyoandika. Kwangu kila chumba kinalia, hata kabla hujanyanyua mikono. Siku ile garini niliogopa ukijua utamtafuta mwingine.

Nilikuwa nakutazama usoni. Ukipiga makofi, uso wako ukikaza nasema liko macho, ukilegea nasema limelala. Nilidhani uso wako bado unajua. Kwa Bi Terauchi ndipo nilipoona kwamba na wewe ulikuwa unautazama wangu, ndiyo maana wako ulilegea, kwa sababu mimi nilikuwa natabasamu. Nilikuwa natabasamu kwa ajili ya zile keki.

Joka sijawahi kulisikia, Mzee. Hata siku moja.