Paka wa Miguuni kwa Katarina

Mwaka ule wa watu kuhamishiwa vijijini, benchi langu la kahawa hapa Ng'ambo lilibakiwa na wawili: Lukumani, tuliyemwita Hakimu kwa kuhukumu asichokijua, na Nassibu, tuliyemwita Injini kwa kuwa alistaafu kazi ya reli akabaki na kelele zake. Asubuhi hiyo akaja Damas, aliyekuwa mpishi wa bibi mmoja wa Kizungu. Bibi aliporudi kwao alimwachia paka wawili wa manyoya marefu, wa tumbo moja. Moshi alilala miguuni kwa Katarina, mke wa Damas, ambaye tangu masika hajainuka kitandani. Mweusi alilala jikoni. Kwa nje huwatofautishi. Damas alibeba gunia, na ndani mmoja wao, amekufa.

— Shikamoo, Bi Zamda.

— Marahaba. Gunia usiliweke karibu na vikombe.

— Nitazamieni ni yupi. Katarina akiniuliza nijue la kumwambia.

Hakimu akachungulia.

— Mweusi huyu. Kesi imekwisha.

— Moshi naye ni mweusi, akasema Injini. Tenga manyoya. Mweusi ni mweusi mpaka kwenye ngozi. Moshi, shina la nywele ni jeupe.

— Hata bibi alisema hivyo, akasema Damas taratibu. Alikuwa na karatasi za ukoo wao mpaka mababu.

— Paka ana mababu, na Injini hamjui hata wa kwake, akasema Hakimu.

Injini akatenga. Chini palikuwa peupe. Damas akageuza uso.

— Majivu hayo, akasema Hakimu. Paka wa jikoni analala mafigani.

— Ndiyo, Damas akadakia. Mweusi analala mafigani.

Nikachukua maji ya kusuuzia vikombe, nikasugua mwenyewe. Peupe pakabaki peupe.

— Basi mvi, akasema Hakimu. Tangu bibi aondoke, paka ana huzuni.

— Mvi huanzia shinani, akakubali Injini, yeye yule aliyetuletea habari za shina. Au ni chumvi ya kisima chetu.

— Au amegeuka, akasema Hakimu. Siku hizi watu wanageuzwa kijiji kizima kwa siku moja, paka atashindwaje?

Kila neno Damas aliliitikia kwa kichwa.

Marko, muuza asali wa Bukene, alikuwa ametua debe lake akingoja kikombe.

— Samahani, wazee. Huyo aliyebaki, leo ameamkia wapi?

Hakimu na Injini wangejuaje, tangu Katarina augue hawajavuka kizingiti chake. Wa kujibu alikuwa mmoja tu, naye alikuwa anatazama ndani ya kikombe kilichokwisha zamani.

Marko nilimwambia birika ni tupu. Nikamwaga mashapo mtaroni.

Damas akalifunga gunia, akakaza fundo, akalikaza tena. Kwake ni kushoto, nyumba ya tatu, dirisha unaliona ukikaa hapa. Akashika kulia, njia ya stesheni.