Vikombe Viwili Nje ya Ghala

Sifa zimrudie Bwana, aliyenikuta nje akaniingiza ndani! Ndugu zangu katika Kristo, nawasalimu nyote mnaosikia haya yakisomwa. Mimi sikuingia darasani hata siku moja. Anayeandika ni mjukuu wangu, nami nimemwonya asiongeze neno lake wala asilainishe langu. Nimekuja kushuhudia kwamba Bwana aliniponya mara mbili. Kifua aliniponya kwa sindano za daktari. Ugonjwa wa pili haukuwa na sindano. Ulikuwa wivu, na huo ndio uliokaribia kuniangamiza.

Ilikuwa miaka ile ya Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, ambapo hakuna aliyetoka langoni bila karatasi zake. Mume wangu alikuwa mpishi katika nyumba ya Mzungu huko Kitisuru, na sisi watumishi tulikaa nyuma, katika vyumba vilivyopangana ukingoni mwa mashamba ya kahawa. Wengine tulitoka Maragoli, wengine Ukambani. Kila Alhamisi alasiri wanawake tulikutana katika ghala la zamani la kahawa tulilopewa kwa ajili ya sala. Tuliimba, tuliomba, kisha Mama Yohana, kiongozi wetu, alimimina chai. Kila mwanamke alikuwa na kikombe chake cha bati, navyo vyote vilitundikwa kwenye ubao mmoja ndani ya ghala. Mtu mgeni akitundikiwa kikombe pale, alijua amekuwa mwenzetu.

Nilikuwa na mtoto mmoja, Kageha, aliyepewa jina la marehemu mama mkwe wangu. Kwetu jina si pambo. Anayempa mtoto jina anasema mtoto huyu ni wa nani. Kageha alikuwa ameanza tu kutembea nilipotapika damu. Nilipelekwa hospitali, katika wodi iliyojengwa mbali na nyingine, na huko nikalala hata mvua za masika zikanyesha, zikapita, zikarudi tena.

Mume wangu hakuweza kumlea mtoto jikoni kwa Mzungu. Alibisha mlango baada ya mlango, na kila mwanamke akasema ana watoto wake wa kuwaogopea. Aliyemchukua alikuwa Dorka, mke wa mtunza bustani, Mkamba, mwanamke mpole asiyejaliwa mtoto. Habari hiyo nililetewa wodini, nami nikamshukuru Mungu kwa machozi. Ndugu zangu, shukrani hiyo ilidumu hadi siku niliyorudi nyumbani.

Daktari alisema nimepona, hakuna wa kuniogopa. Nilishuka kwenye gari, nikapita njia ya kahawa karibu nikikimbia, nikamwona mwanangu mlangoni pa Dorka. Nywele zake zilikuwa zimesukwa kwa namna ya Kikamba. Nikamwita, "Kageha!" Hakugeuka. Dorka akamwambia taratibu, "Mwende, nenda kwa mama." Hapo aligeuka. Akanitazama, akajificha nyuma ya sketi ya Dorka, akamwita mwaitu, yaani mama yangu kwa Kikamba. Mtoto niliyemzaa kwa uchungu!

Nilimchukua akipiga kelele. Tangu siku hiyo sikuwa na amani. Mtoto alilala kwangu, lakini kukipambazuka alikuwa tayari kwenye mlango wa Dorka. Alicheka kama Dorka, akiziba mdomo kwa mkono. Nilimpikia mboga za kwetu akazisukuma, akataka pure ya Dorka, mahindi na kunde. Nilimkataza kuitikia jina la Mwende, naye hakuitikia lolote. Nikamsikia Dorka akiimba huku akifua, moyo wangu ukasema: anaimba kwa sababu ameshinda. Nikamwona akinyamaza, moyo ukasema: ananyamaza kwa sababu anaficha. Hivyo ndivyo wivu unavyosema na mtu. Haukosi ushahidi.

Na wale wengine? Ndugu zangu, wale walinitenga waziwazi. Benchi nililokalia lilibaki langu peke yangu. Alhamisi yangu ya kwanza nilipotafuta kikombe changu ubaoni, Mama Yohana alinionyesha nje kwa kidevu. Kwenye nguzo ya seng'enge karibu na mlango kulikuwa na misumari miwili, na juu yake vikombe viwili, changu cha buluu na kingine cheupe kilichobanduka ukingoni. Nilidhani vyote viwili ni vyangu, kimoja cha chai na kingine cha maji, ili nisiguse hata mtungi wao. Niliwachukia kwa dharau hiyo ya maradufu. Nikawa nachukua kile cha buluu, namiminiwa chai kutoka mbali, kisha naenda kunywa nyuma ya ghala. Wao walidhani natii. Sivyo. Sikutaka kumwona mwanangu amekaa mapajani mwa Dorka.

Cha ajabu, kutengwa na wale wote hakukuniuma kama upole wa yule mmoja. Dorka ndiye pekee aliyenisalimu kwa mkono. Ndiye pekee aliyekuja kuketi nami chumbani nilipokohoa. Nami ndiye niliyemchukia.

Nikamwambia mume wangu kwamba nitampeleka mtoto Maragoli kwa dada yangu, abaki huko, Dorka asimwone tena. Mume wangu alinikumbusha ni nani aliyemlisha mtoto tulipokuwa hatuna mtu. Nikamjibu kwamba hata mwizi wa ng'ombe humlisha ng'ombe. Akaenda kukata tikiti ya treni.

Alhamisi ya mwisho kabla ya safari, wakati wa maombi, nilisimama. Nilisema mbele ya wote kwamba Dorka, kwa kuwa Mungu hakumpa mtoto, amejichukulia wangu. Kwamba amemfutia jina la ukoo akampa la kwao. Na kwamba hayo si matendo ya mwanamke aliyeokoka. Nilisema kwa sauti ya juu, nami nilikuwa na sauti. Wanawake waliguna. Mama Yohana akatabasamu akamwambia jirani yake, nami nikasikia, "Dawa ya kifua wamempa. Ya ulimi ndiyo bado." Wakacheka chinichini.

Dorka alimshusha mtoto kutoka mapajani, akatazama chini.

Kisha chai ikaletwa. Siku hiyo sikwenda na kikombe changu nyuma ya ghala. Nilitaka kubaki mlangoni nione aibu ya Dorka, nione kama kuna atakayemkaribisha kwenye benchi lake baada ya maneno yangu. Wanawake wakainuka, kila mmoja akachukua kikombe chake ubaoni. Dorka naye akainuka. Hakwenda ubaoni. Alinipita pale mlangoni, akatoka hadi kwenye nguzo, akatundua kile kikombe cheupe kilichobanduka ukingoni. Akanyoosha mkono nacho, akamiminiwa kutoka mbali, kama mimi.

Nikamuuliza, "Hicho ni kikombe cha nani?"

"Changu, Mama Kageha."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipomchukua mtoto."

Niliwatazama waliomo ndani. Hakuna aliyeinua uso. Mama Yohana alikuwa anachungulia ndani ya birika kana kwamba kuna kitu kimeangukia humo. Ndugu zangu, wakati wote niliokuwa nimelala wodini, mwanamke huyu alikuwa amesimama nje kwa ajili yangu! Mimi nilitengwa kwa sababu nilikuwa mgonjwa. Yeye alikuwa mzima, na kila Alhamisi aliuchagua msumari ule upya, kwa maana angaliweza kumrudisha mtoto kwa baba yake na kuingia ndani.

Lakini wivu haukubali kufa upesi. Nikamuuliza tena, "Na jina? Kwa nini ulimbadilisha jina?"

Dorka alimtazama mtoto kwanza, akaona anacheza mbali, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Watoto wa hapa walikuwa wakimwita Kifua. Akaanza kuitikia. Nikaona ni heri aitikie Mwende."

Mwende, ndugu zangu, kwa lugha yao ni mpendwa.

Niliketi pale pale kwenye ardhi, na chai ikanimwagikia. Sikuomba sala ndefu. Nilisema, "Bwana, nitoe humu." Sikumaanisha ndani ya ua. Nilimaanisha ndani ya moyo ule uliokuwa umenifungia kuliko wodi yoyote. Dorka akaketi kando yangu, bega kwa bega, akanimiminia nusu ya chai yake katika kikombe changu cha buluu. Kisha akaniambia kwamba gauni la mtoto la safari ameshalifua na kulipiga pasi, nimtume mtu alichukue. Alikuwa amemwandaa mtoto niliyekuwa namnyang'anya!

Hatukusafiri. Jioni hiyo nilimshika mwanangu mkono, nikampeleka mwenyewe kwa Dorka, nikamwita Mwende kwa mara ya kwanza. Aliitika. Jina lile lilinichoma mdomoni, sitawadanganya, lakini nilimwita tena. Dorka kwa upande wake akaanza kumwita Kageha, akilivunja jina hilo kwa ulimi wa Kikamba hata tukacheka wote watatu, wawili wakiziba midomo kwa mikono.

Msinielewe vibaya. Wivu haukuondoka siku moja. Uliondoka kama homa, unashuka asubuhi na jioni unapanda. Kila ulipopanda nilitoka nje nikaitazama ile nguzo. Wako walioanza kuja kunywa chai pale nje pamoja nasi, mmoja, kisha mwingine, na vikombe vyetu viwili vikarudishwa ubaoni pole pole. Mama Yohana alihama na jamaa yake bila kuniomba radhi. Nilimsamehe bila kuombwa, na neema hiyo pia ni ya Bwana, kwa sababu neema yangu mimi isingetosha.

Baadaye tulihamia Mutuini, na Dorka na mume wake wakapanga chumba karibu nasi. Mwanangu aliolewa akiwa na mama wawili waliosimama mbele ya kanisa, na mahari ya heshima ilipoletwa, blanketi ambalo kwa desturi hupewa mama wa bibi harusi nililikata katikati kwa makasi, kila mmoja akapata nusu. Wazee walinung'unika. Niliwaacha wanung'unike.

Dorka alilala katika Bwana nikiwa nimemshika mkono. Mwaka huo huo binti yetu alijifungua msichana. Watu walingoja niseme jina la upande wetu. Nilisema mtoto ataitwa Dorka, na atakayebadilisha ataniona. Ndiye huyu anayeandika. Amesimamisha kalamu sasa hivi, nimemwambia aendelee.

Ndugu zangu, mwaminini Bwana huyu. Kama umetengwa, jua kwamba yeye yuko nje pamoja nawe, na huenda ameshamtuma mtu ambaye wewe unamchukia. Mtazame vizuri. Na kama wewe u miongoni mwa walioketi ndani, nakuagiza mimi mwanamke mzee: leo baada ya ibada chai itamiminwa. Angalia ni nani anayekunywa akiwa amesimama peke yake kando ya mlango. Usimwite aingie kwa sauti ya huruma mbele ya watu. Chukua kikombe chako, utoke, ukanywe naye huko huko.

Nimemaliza. Bwana awape moyo wa kutoka nje.