Delphin Muyisa, Aliyeitikia Amina Mbele ya Kiboko

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Butembo, Beni, Mavivi, hadi kule Kasugho, sogezeni redio karibu. Leo tunamkumbuka Delphin Muyisa. Alikuwa kiongozi wa watalii kwa miaka kumi na tisa. Alizaliwa Mangina, akazikwa Mangina Jumanne hii, baada ya kuugua ini. Delphin Muyisa, kiongozi wa watalii.

Wengi mnakumbuka koti lake la mvua, alilolivaa hata juani. Kavuo, mshonaji wa Butembo, anakumbuka asubuhi moja tu.

Ilikuwa Agosti 2017. Kwaya ya akina mama Wakatoliki ilishuka Ishango, kando ya ziwa, kutazama viboko. Kavuo, mmoja wao, alimbeba mgongoni binti yake Eliane, wa miezi minane. Delphin aliwapa sheria moja: msisimame kati ya kiboko na maji.

Walikuwa ukingoni wakipigana picha, nyuma yao majani yakafunguka. Kiboko dume, akirudi kutoka malishoni. Alitaka ziwa lake, nao walikuwa njiani.

Mama Vagheni, mkubwa wa kwaya, akatoa rozari, akapiga magoti palepale kwenye njia ya mnyama. Na wenzake wote wakapiga magoti!

"Bamama, hapana kupiga magoti!" Delphin alinong'ona. "Simameni! Mufanye prosesio. Tutoke pembeni, polepole."

Prosesio, maandamano ya kanisani, waliijua. Wakajipanga wawili wawili. Salamu Maria moja, hatua moja. Mama Vagheni akageuka, macho makali.

"Papa Delphin, mbona haujibu?"

"Mama, mi niko Muprotestanti!"

"Ile nyama haiulizi parokia. Jibu!"

Delphin alijua neno moja tu. "Amina," akasema. Hatua. "Amina." Kila mahali pasipofaa, Amina. Mmoja akaanza kucheka huku machozi yanamtiririka.

Kavuo hakucheka. Prosesio ilimgeuzia kiboko mgongo, na mgongoni ndipo alipokuwa Eliane. Akaanza kufungua kikwembe, kitenge alichombebea, amhamishie kifuani.

"Wacha mutoto hapo, mama. Ukimufungua atalia. Mi niko nyuma yake."

Kweli, Delphin alikuwa wa mwisho. Alitembea kinyumenyume, uso kwa kiboko, amelitanua koti. Kavuo alihisi mgongo wa Delphin ukigusa miguu ya mtoto. Njia ikabaki wazi. Kiboko akapita, akaingia majini.

Kwenye gari wote walicheka hadi kushika mbavu. Delphin aliketi chini, akashindwa kusimama. Wamama wawili wakamnyanyua.

Mke wake, Mama Agar, alituambia hivi: "Alirudi, akalala siku mbili. Akasema, Agar, niliogopa kuliko bale bamama bote. Lakini nilisikia ule mutoto anapumua."

Mama Agar na watoto wenu wanne, poleni sana. Machozi yenu ni yetu.

Wasikilizaji wapendwa, siku hizi hofu tunaijua sote, barabarani na shambani. Mfikirie aliyewahi kusimama nyuma yako, naye mwenyewe akiogopa. Kama yu hai, mwambie aksanti leo. Kavuo alitaka kumwambia Delphin. Kila mara alijiambia, wiki ijayo. Jumanne aliisema aksanti hiyo kaburini, amemshika Eliane mkono.