Viazi vya Gunvor

Kwenye tramu ya Göteborg, Uswidi, Tove alikaa akiwasikiliza abiria wawili wa mbele, akijifanya anatazama nje. Mmoja wao, mama aitwaye Gunvor, alipakata wavu wa waya.

"Paka wa jirani wamegeuza tuta langu la viazi choo," alimwambia mzee wa kando yake. "Na binti yangu mjamzito anakuja sikukuu ya kiangazi kula viazi vyangu, kama kila mwaka."

"Mnunulie vya sokoni, mama. Kinyesi kile kina vijidudu vinavyomdhuru mtoto tumboni, na udongoni vinakaa hata mwaka."

"Nimevaa glavu nikazoa uchafu na udongo wa juu. Leo natandika waya huu wasichimbe tena. Viazi nitavichimba mwenyewe, nivioshe, nivichemshe. Kijidudu gani kitapona kwenye maji yanayotokota?"

Mzee alifikiri. "Na majani ya vitunguu ya kulia viazi? Si mnayachuma bustanini humo humo, mkayala mabichi?"

Tramu ilianza kupunguza mwendo, Gunvor akaukusanya wavu wake. "Hayo basi nitanunua. Nitayakata kabla hajafika, asijue ni ya sokoni."

"Huo sasa si udanganyifu?"

"Huo ni umama, bwana," alisema Gunvor, akashuka na waya wake.

Tove alitabasamu, akaanza kutoa manyoya ya paka wake kwenye sweta yake, moja moja.