Diski Tatu za Mwalimu Lameck Ndahani

“Yah: Maombi ya Kuutambua Mchezo wa Kompyuta kuwa Kifaa cha Kufundishia na Siyo Burudani.” Ndugu waombolezaji, utaratibu unataka tuanze na kuzaliwa, lakini kichwa hicho cha barua marehemu kaka yangu alikiandika mara kumi na moja, na mimi Sostenes, niliyepewa na familia kazi ya kusoma, nimeona kisikose kutajwa mbele ya jeneza lake.

Mwalimu Lameck Ndahani alizaliwa Bahi tarehe 14 Aprili 1949, akaanza shule hapo hapo mwaka 1958, akahitimu ualimu mwaka 1970, akafundisha Historia miaka thelathini na miwili, ya mwisho ikiwa hapa Nzuguni. Alifunga ndoa na Loisi tarehe 9 Agosti 1975, wakajaliwa watoto wanne, wa kwanza Ruthu.

Biashara zilipofunguliwa na kompyuta kuukuu zikaanza kuingia mjini, rafiki yake Abdulrazaki, mwenye duka la vifaa vya ofisi, alimwachia moja aitumie pale dukani, na kati ya 1997 na 1999 Mwalimu akajifunza mwenyewe kuandika programu, akatengeneza mchezo kutokana na simulizi za Bibi Emiliana wa Bahi, aliyeipitia njaa ya Mtunya ya 1919 akiwa binti mdogo. Katika mchezo huo mtoto hupewa ng'ombe kumi na mwaka usio na mvua, akiwaweka wote kwenye zizi lake hufilisika, akiwagawa kwa marafiki wa mbali, kama walivyofanya wazee wetu, huvuka na watu wake. Wanafunzi walijazana dukani wakitaniana, “Umekwisha, mzee, hata ndama huna!”, na waliozoea kusinzia darasani wakaanza kuwauliza bibi zao habari za njaa.

Ofisi ya elimu, alikokuwa akipeleka barua zile, ilijibu kwamba michezo ni ya uwanjani, kisha kwamba suala linafanyiwa kazi, kisha, tarehe 6 Machi 2001, ikataka nakala zote kwa uhakiki. Mwezi uliotangulia umeme ulikuwa umekatika na kurudi kwa nguvu, ukaiunguza kompyuta, zikabaki diski tatu tu zenye ule mchezo. Shemeji Loisi alimwambia, “Baba Ruthu, bakiza hata moja kwa Abdulrazaki,” naye akajibu kwamba barua imesema zote, akazipeleka zote tatu.

Alifuatilia miezi kumi na tisa. Alipokata tamaa alirudi Bahi kuanza upya, akakuta Bibi Emiliana amezikwa wiki tatu zilizopita. Shinikizo la damu likampanda, akapooza upande wa kulia, na wiki zake za mwisho alikuwa akitafuta majina ya watu wa ule mchezo, akiyakosa, akilia. Alifariki tarehe 2 Februari 2003.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, walimu wenzake, na Abdulrazaki aliyeleta maturubai haya. Ofisi nayo tunaishukuru, jana imetuletea rambirambi pamoja na faili la marehemu, nasi tumelifungua. Pumzika kaka, usifuatilie tena.

Diski zote tatu zimo humo failini, zimetobolewa matundu mawili mawili kwa mashine ya kutobolea karatasi, zikafungwa kwa uzi pamoja na barua zake.