Pini Aliyoniachia Mdogo Wangu

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe mkubwa zima hiyo redio, maana sauti niliyobakiwa nayo ni ya kusemea mara moja tu. Mmenilaza karibu na dirisha ili niione meza yangu ya kutengenezea nyembe, na nimeiona. Sasa nataka mjue nani ataikalia, na kwa nini nimechelewa kusema, na nikisema msitazamane mkadhani ni homa. Si homa. Ni wivu, wanangu, nimeuugua miaka arobaini na tatu na hakuna daktari aliyewahi kuugundua.

Mmekua mkijua kwamba baba yenu mdogo, huyu ambaye mtaa mzima unamwita Taratibu, aliupasua wembe wa babu yenu akafukuzwa kwenye meza hii. Mimi ndiye niliyewaambia. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu niliirefusha kwa ubishi.

Babu yenu alitupatia kazi ya kuutenganisha vipande wembe wake mwenyewe, ule wa kukunja wenye mpini wa pembe nyeusi, ili tusafishe kutu iliyojificha ndani. Mimi nilikuwa nimeshanyanyua nyundo. Mdogo wangu akaniomba nisubiri, akazungusha karatasi ya gundi pale penye pini inayoushika wembe ndani ya mpini, ili tupa isikwaruze pembe, akakilainisha kichwa cha pini kidogo kidogo mpaka kikalingana na kijisahani cha shaba kinachokizunguka, akakitoboa katikati kwa keekee ya mkono, kidogo tu, kisha akaulaza mpini juu ya kigogo chenye tundu na kuigonga pini kwa kijisumari butu, polepole, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa. Pini ikaanguka yenyewe. Baba akaipapasa ile pembe, asione hata mkwaruzo, akasema, "Meza hii nimeshamjua mwenyewe." Hakunitazama. Mimi ndiye mkubwa, nilikuwa nimesimama pale pale, na tangu siku ile hata chai ya nyumbani ilinishinda kumeza.

Ilibaki pini ya pili, ya mkiani. Wao wakaingia ndani kula, mimi nikasema ngoja niitoe, waje waone kwamba na mimi nina mikono. Lakini wivu hauna subira. Sikukigusa kichwa cha pini kwa tupa, niligonga tu, kichwa kikapita na pembe, ufa ukaenda urefu wa kidole. Nikauweka wembe upande wa meza wa mdogo wangu, nikanawa, nikaenda kula nao sahani moja.

Baba aliuliza mara moja tu, nami nikamjibu amuulize fundi wake. Mdogo wangu akautazama ule ufa, akanitazama mimi, akaufunika wembe kwa kitambaa. Wiki ile ile aliondoka na mfuko wa nguo, bila hata tupa moja, akafungua kibanda mtaa wa pili, karibu na bucha.

Mnadhani nilipata raha? Thubutu! Wateja waliniletea nyembe ninoe, halafu wananiambia bila haya kwamba pini watazipeleka kwa mdogo wangu. Zikirudi nazitazama kwa miwani miwili, natafuta mkwaruzo kama mtu anayetafuta unywele kwenye wali, na sipati. Roho iliniuma, wanangu, inaniuma hata sasa hivi ninavyoongea.

Na wewe, binti yangu, kitinda mimba wangu, usiangalie chini. Mwaka juzi nilichukua kwenye mtoto wa meza wembe uliokuwa umeufungua, nikakuta pembe safi na alama ya karatasi ya gundi. Mimi sikukufundisha vile. Nikajua unapitia mlango wa nani ukitoka sokoni. Mzazi mwingine angejisifu kwa majirani. Mimi nilikwenda kumwahidi kaka yako meza, na kaka yako, nisamehe mwanangu, hajui tupa na kijiko. Nilikuonea wivu wewe, niliyekuzaa mwenyewe.

Basi sikilizeni vizuri. Meza na vyombo vyote ni vya binti yangu. Nyumba ni yenu nyote wawili, na baiskeli achukue mkubwa, asiiuze kabla sijapoa.

Nipeni maji kidogo. Sasa... kile kitambaa chini ya mto. Ndani yake ndimo nilimouficha wembe wa babu yenu miaka yote. Jana niliufungua nikiwa peke yangu, ili nimrudishie mwenyewe na ufa wake. Nikakuta pembe imeungwa. Ufa huuoni mpaka uinamishe mpini kwenye mwanga. Usinieleze, binti yangu, najua ulimpelekea, na najua mkono ule. Alijua tangu siku ile ni pigo la nani, na hakumwambia mtu. Hata kusamehe kanitangulia, mshenzi yule.

Lakini tundu moja kaliacha wazi, lile la mkiani. Pini iko pembeni... kwenye kikaratasi. Kaniachia mimi. Na mimi mkono, mnauona, hautulii.

Mwiteni. Mwambieni kaka yake kasema, "Ni mimi niliyeupasua." Semeni hivyo hivyo, mbele ya watu wa bucha. Aje leo, kabla jua halijazama. Yeye ashike mpini, mimi nigonge.

Mungu awape mikono mizuri, wanangu, na mioyo... mizuri kuliko mikono. Kupendana kwenu kusipimwe kwa kazi. Msiniige.

Mmeshamtuma mtu? Kigogo kiwekeni hapa, kitandani. Na nyundo ndogo... hapana, msinipe mimi.

Apige yeye.