Mkeka Huu Si Wenu

Kaeni chini, wanangu, kaeni wote, na wewe Tauiliili weka hiyo simu, maana hao wageni wako wa kulala ufukweni hawatakuzikia mama. Sinapati, acha kunipepea. Unanipepea kama samaki wa mnadani. Nimewaita mnisikilize, sikuwaita mnililie. Kilio chenu nakisikia tangu Jumapili na hakijanipunguzia hata homa.

Ardhi sina la kuiusia. Ardhi ya ukoo ni ya waliolala chini yake na ya wasiozaliwa bado, na hilo jina la uchifu ulilovishwa mwaka jana, Tauiliili mwanangu, halikukupa ruhusa ya kuikatakata kama keki. Nguruwe jike mweusi achinjwe mazishini. Yule mwenye sikio lililochanika msimguse, ana mimba. Kombe langu, lile gamba la pwani la kuparia nyuzi za mikeka, apewe Vaelupe, mke wako, ambaye sikumpenda tangu siku ya kwanza na mwenyewe anajua, lakini mikono yake haijui uvivu, na kombe halitaki mapenzi, linataka mikono.

Sasa mkeka huu wa heshima niliousuka. Nimewasikia huko jikoni. Nilikuwa nimefumba macho, masikio sikuyafumba. Wewe Sinapati ulisema, “Mama akishatutoka, mkeka naondoka nao hadi kwangu Oklandi, ng'ambo ya bahari, harusi ya binti yangu itanoga.” Na kaka yako akadakia, “Thubutu! Mkeka unakwenda kwa mchungaji, mbele ya kijiji kizima, nionekane chifu wa kweli.” Mnanigombania kama fisi na mzoga bado unapumua! Basi sikieni: mkeka huu si wenu. Ni wa Meripa.

Naam, Meripa. Yuleyule wa ng'ambo ya kijito. Msitazamane.

Mnajua kwa nini sisemi naye, hamjui lote. Kabla yenu nilizaa mtoto, Lemalu, akatokwa na vidonda mwili mzima. Kila asubuhi nilishuka ufukweni, nikachuma majani ya kichaka cha fisoa pale kinapotambaa juu ya miti mingine hadi mchangani, nikayaponda, nikayafikicha kwenye maji mpaka povu likajaa beseni, nikamwosha mwanangu kwa mkono mwororo kuliko wa malaika. Ndivyo mama yangu alivyotuosha sisi, vichwa na vidonda na nguo za kanisani, kabla sabuni haijapata njia ya kuja huku. Fisoa huponya vidonda vya ngozi. Kilichomuua Lemalu kilikuwa ndani. Tukamzika. Na Meripa, mbele ya wanawake wote tuliokuwa tukisuka, akasema, “Majani yapo mlangoni kwake na mtoto kaoza. Uvivu nao ni maradhi.” Aliniona kila asubuhi, wanangu! Kichaka kilikuwa kimoja, nusu kwao nusu kwetu, tukichuma tukipeana migongo. Aliniona, na alisema. Nikamrukia, tukang'oana nywele mpaka mke wa mchungaji akatumwagia maji kama mbwa. Tangu siku ile, salamu yetu ni matusi.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Mimi sijapoa, na sitapoa kaburini.

Lakini mwaka jana, siku ya kutawazwa kwako, Tauiliili, ilikuwaje? Nilikuwa na mkeka mweupe wa manyoya, ambao nyuzi zake za magome niliziparia kwa kombe hili, nikazisuka mpaka macho yakaingia ukungu, nikauosha kwa fisoa na kuuanika, kuuosha na kuuanika, mpaka ukawa mweupe kama povu la mwambani. Ulikuwa umeingia umanjano kidogo kwa kukaa darini. Nikasema nitashuka kuchuma majani. Sinapati, ukaniambiaje? “Mama, dunia imekwenda mbele. Nimekuja na dawa ya dukani, saa moja tu unang'aa.” Ukauzamisha nikiwa kanisani. Usiache mbachao kwa msala upitao, nilikufundisha hayo ungali unanyonya! Na kweli uling'aa. Uling'aa kama meno ya maiti. Ulipokunjuliwa mbele ya wageni tuwatunuku, ukakatika katikati, manyoya yakabaki mikononi mwa wasichana, na msemaji wa wageni akaegemea fimbo yake akauliza, “Jamani, mmetuletea mkeka au mmetuletea wavu?” Wakacheka. Wakacheka na watu wetu wenyewe. Wewe Tauiliili ukatazama kikombe cha kava ulichopewa unywe kama chifu, na wewe Sinapati ukakimbilia nyuma ya jiko.

Nani aliinuka? Meripa aliinuka. Akatoka pale kwa mwendo wake wa bata, akarudi na mkeka wake mweupe, ule aliojiwekea akiba wa kuzikwa nao, akautandika mbele ya wageni na kupaza sauti: “Huu ni mkeka wa Fuatino! Ule mwingine watoto wake waliutoa kwa makosa, ni tambara la mbwa.” Kicheko kikakatika. Uchifu wako, mwanangu, umekaa juu ya mkeka wa mwanamke unayemwita mchawi. Na alipopita mbele yangu aliinama akaninong'oneza, “Usijidanganye. Nimewafunika uchi kwa sababu kelele zenu ziliniudhi.”

Kwa hiyo nikasuka huu. Macho sina, nimesuka kwa vidole. Na nilipofika mahali pa kuuosha, nikashuka ufukweni, nikakuta nini, Tauiliili? Visiki! Umefyeka fisoa yote ya upande wetu ujenge vibanda vya watu wa kuanika matumbo juani. Ukaniambia, “Mama, ni magugu tu.” Magugu! Kikulacho ki nguoni mwako, na changu nilikinyonyesha.

Basi fanyeni hivi. Sinapati, mkeka utauosha wewe, kwa mikono hiyo yenye kucha za rangi. Majani utayaomba kwa Meripa, ukiwa umeketi chini, na akikutukana useme asante. Ponda, fikicha, sugua taratibu kwa kufuata nyuzi, suuza, anika jua likiwa kali, rudia mpaka mgongo ukuambie. Harusi ya binti yako itangoja. Wewe Tauiliili utaubeba mwenyewe, mchana, mbele za watu, uvuke nao kijito hadi kwake, na usiseme neno la upatanisho, maana sikukutuma hilo. Sema tu, “Mama kaleta.” Na visiki usivichome. Fisoa ina inda kuliko mimi. Acha mvua inyeshe, itachipua katikati ya hivyo vibanda vyako, na atakayeigusa tena namwachia laana yangu, nimeitamka nikiwa na akili timamu.

Nipeni maji. Hapana, wewe Vaelupe nipe, huyu ananimwagia.

Mkinisikia nahema, msishituke. Nimebakiza moja. Nikifa, nywele zangu msizioshe ninyi. Nimemtumia habari Meripa... si kwamba nampenda. Ila ninyi mtanipaka sabuni ya waridi ninuke kama hoteli. Yeye anajua kazi.

Nani huyo anakohoa hapo nje? Meripa? Mbona umekuja mapema, mwanamke, sijafa bado. Unasema nini? Paza sauti... Eti mzoga wangu unanuka hadi ng'ambo, huwezi kungoja? Ha! Mnamsikia? Mpisheni. Weka beseni hapo. Povu limejaa? Ulikuwa mvivu wa kuponda siku zote, wewe...

Kaa. Usinishike mkono, shika kichwa.

Wanangu... nawabariki kwa mkono wa kushoto, wa kulia hauinuki. Mzae, mshibe magimbi, msikose paa. Mungu awape... awape adui mwenye heshima kama wangu. Marafiki mtajitafutia.

Meripa. Ulimwona Lemalu. Uliniona nikimwosha. Sema mbele yao... Umesema nini? Kwa sauti, watoto hawasikii.

Haya. Wamesikia: uliniona kila asubuhi.

Sijakusamehe.

Mimina.